Benki Isiyo na Swali Rahisi

Mkuu wa taaluma wa chuo cha ufundi wa umeme alikuwa mtu wa hesabu za mia kwa mia. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, alikujibu kwamba uwezekano ni asilimia sitini. Ukimwuliza hali ya watoto wake pacha, alikwambia uzito umepanda kwa asilimia nane. Wanafunzi walimbatiza Asilimia, walimu wakalidaka jina, na mwishowe hata mkewe alilitumia siku akimkasirikia.

Asilimia ndiye aliyeileta chuoni benki ya maswali. Kabla yake, mtihani wa mwisho ulitungwa kwa ugomvi: kila mwalimu alikuja na karatasi yake iliyokunjwa, anayepaza sauti zaidi ndiye aliyeingiza maswali mengi zaidi, na maswali ya mwaka juzi yalirudi yamevalishwa tarehe mpya. Sasa ilinunuliwa programu ya kompyuta. Kila mwalimu aliingiza maswali yake, moja moja, pamoja na jibu, mada, alama, na ngazi ya ugumu: rahisi, wastani au gumu. Siku ya kutunga, mkuu anaiambia mashine anataka mangapi ya ngazi gani. Yenyewe inachota, inapanga, inafunga. Hakuna jicho la mtu litakaloiona karatasi mpaka asubuhi ya mtihani.

"Kuvuja kwa mtihani sasa ni historia," aliwatangazia walimu, akiwa amevaa tai ambayo kwa kawaida aliiweka kwa ajili ya misiba. "Usalama ni asilimia mia."

Nyumbani kwake alikuwa na sababu yake ya kuutaka mtihani usio na doa. Mdogo wa mkewe, aliyelala kwenye kochi la sebuleni kwake tangu alipoanza masomo, alikuwa mtahiniwa. Shemeji huyo alikuwa mpole, mwenye tabasamu, na alikuwa ameshaanguka mara mbili. Sheria ya chuo haikuwa na tafsiri: ukianguka mara ya tatu unafutwa, na hupokelewi tena. Hii ilikuwa ya tatu. Safari hii Shemeji alisoma kweli. Alisoma mpaka akaanza kuota kuhusu swichi. Asilimia alitaka afaulu, lakini afaulu kwa njia ambayo hakuna mtu angesema amebebwa.

Siku ya kuijaribu mashine ikafika. Asilimia aliingia ofisini, akafunga mlango, akaiagiza: maswali rahisi asilimia arobaini, ya wastani asilimia arobaini, magumu ishirini. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikamwandikia kwa herufi nyekundu kwamba maswali rahisi yaliyomo ni sifuri. Ya wastani, sifuri. Magumu, mia na kitu.

Akamwita fundi wa kampuni iliyowauzia programu, dada mmoja mwenye subira ya muuguzi. Dada akakaa, akabofya, akacheka puani.

"Mashine yako ni nzima, mwalimu. Wagonjwa ni wenzako. Wote wameandika gumu."

Asilimia akaitisha kikao. Walimu wakakusanyika katika chumba chao, penye meza yenye madoa ya chai na feni inayozunguka pale tu anapopita mkuu wa chuo.

"Wenzangu," alianza, "benki yetu haina swali rahisi hata moja. Tuwe wakweli." Akamgeukia mwalimu wa mota, ambaye kila mtu alimwita Injini kwa sababu alikuwa anaanza kuongea kwa kukohoa. "Hili lako linasema: taja rangi ya waya wa nyutro. Hili nalo ni gumu?"

Injini akakohoa. "Inategemea. Muulize mtu gizani uone."

"Bi Kikokotoo, na wewe. Mia mbili arobaini gawanya kwa kumi na mbili."

Bi Kikokotoo, mwalimu wa hesabu za umeme, hakuinua macho kutoka kwenye madaftari. "Kwa aliyelala na njaa, baba, hata kugawanya ni mlima. Wewe unawajua waliolala na njaa?"

"Hatuzungumzii njaa!"

"Basi tuzungumzie ya kwako. Umeyapa ngazi gani?"

Asilimia akarekebisha tai. "Ya kwangu ni suala jingine."

"Yote magumu," akasema Injini. "Nimechungulia. Hata lile la kwa nini usishike soketi kwa mkono wenye maji. Gumu! Mwanangu wa miaka minne analijua, tena alilijua kwa vitendo."

Chumba kikaangua kicheko. Nyani haoni kundule, na pale chumbani walikuwepo nyani tisa wenye shahada. Mwalimu wa maswali mepesi ni kama mpishi wa maji ya moto: nani atamheshimu? Kila mmoja alikuwa tayari wanafunzi waanguke kama maembe, mradi isisemwe kwamba somo lake linapitika.

Asilimia akaona mwerevu ni yeye. "Vizuri. Hakuna atakayepima ya kwake. Kila mmoja atapima ya mwenzake."

Zilipita siku mbili. Alipofungua mashine, ikamwambia maswali magumu yaliyomo ni sifuri. Benki nzima ilikuwa rahisi. Injini aliyashusha maswali ya Bi Kikokotoo yote kwa pigo moja, Bi Kikokotoo akayafanya ya Injini kuwa ya chekechea, na ya Asilimia walipokezana ili kila mtu apate ladha yake.

Dada wa kampuni alipoitwa tena, subira yake ilikuwa imepungua. "Mwalimu, ugumu wa swali hautangazwi, hupimwa. Chukua watu wajibu. Ukipata wahitimu wa mwaka jana ni bora. Analoliweza hata ambaye hakusomea, ni rahisi. Linalomshinda aliyesomea, ni gumu. Na unapouliza, usikunje uso wala kutabasamu. Usimwonyeshe kama amepata au amekosa. Kila jibu mwambie: vizuri, asante. Halafu endelea."

Kuwaita wahitimu kulihitaji kibali cha mkuu wa chuo, na kibali kilihitaji kumweleza mkuu wa chuo kwamba mashine aliyomsifia mwaka mzima imekwama kwa sababu ya majivuno. Hilo Asilimia hakuliweza. Akakumbuka kwamba nyumbani ana mtu mwenye akili timamu ambaye hakuwahi kusomea umeme.

Jumamosi mchana alirudi na laptopu kwapani. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa sebuleni kwenye cherehani, akishona sare za shule, mdomoni ameshika pini tatu. Shemeji alikuwa kwenye kochi na daftari lake.

"Shemeji, tupishe kidogo," alisema Asilimia. "Nenda chumba cha watoto. Funga mlango. Ni mambo ya kazi."

"Sawa, shemeji." Akajikokota na daftari na mto.

Asilimia alifunga dirisha, akashusha pazia, akahakikisha mlango wa chumba cha watoto umefungwa. Kitasa alikizungusha mara mbili. Kitu kimoja hakukitazama, kwa sababu alikijenga mwenyewe na kukizoea: ukuta wa plaiwudi uliotenga sebule na chumba hicho haukufika darini. Mbao zilimwishia alipokuwa anaujenga, akasema ataumalizia. Juu ya ukuta palikuwa na nafasi ambayo paka alipita akiwa amesimama.

"Mama Pacha, nitakuuliza maswali. Jibu tu linalokujia."

"Kuhusu nini?"

"Umeme. Napima ugumu. Ukilijua wewe, maana yake ni rahisi."

Cherehani ikanyamaza. Mama Pacha akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. "Rudia. Mimi ndio kipimo cha ujinga cha chuo chenu?"

"Siyo ujinga. Kipimo cha mtu wa kawaida."

"Miaka yote hii nalala na mtu, leo ndio najua ananiona wa kawaida." Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Haya, uliza kabla sijakuchoma na pini isiyo ya kawaida."

"Fyuzi ya nyumba inaungua mara kwa mara. Taja sababu mbili."

"Ya kwanza, mume kanunua ya bei ya chini. Ya pili, mume hataki kumwita fundi."

Asilimia aliuma ulimi. Kanuni ni kanuni. "Vizuri, asante." Na kwenye mashine akaandika kwamba limemshinda.

"Unachaguaje waya wa jiko la umeme?"

"Nachukua ule ule wa taa, naukunja mara mbili. Kama uzi wa mapajani mwa suruali: mmoja ukikatika, wa pili unashika."

Waya wa namna hiyo ungeteketeza mtaa. "Vizuri, asante."

Waliendelea hivyo mchana kutwa, yeye akiuliza, mkewe akijibu juu ya mlio wa cherehani, sauti yake ikipanda kila mlio ulipopanda. Alilopata aliliandika rahisi, alilokaribia wastani, lililomshinda gumu, na jioni benki ilikuwa na ngazi zake zote tatu. Mashine ikachota, ikapanga, ikafunga. Asilimia alilala usingizi wa mtu aliyekula akashiba.

Mtihani ukafanyika. Juma la usahihishaji, walimu walikaa kuzunguka meza yenye madoa ya chai, kila mmoja na rundo lake. Majina hayakuwepo kwenye karatasi, namba tu. Ghafla Injini alikohoa, na kila mtu akajua anaanza.

"Jamani, sikilizeni huyu wa namba kumi na tisa. Sababu za fyuzi kuungua. Ameandika: mume hataki kumwita fundi!"

Chumba kikalipuka. Bi Kikokotoo alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mpe alama ya ndoa!"

"Ngojeni, bado. Waya wa jiko: kunja wa taa mara mbili, kama uzi wa mapajani mwa suruali." Injini aligonga meza. "Huyu alisomea wapi? Kwa fundi cherehani?"

Wote walicheka isipokuwa mmoja. Asilimia alikuwa ameshika kalamu nyekundu hewani, na uso wake ulikuwa umepoteza damu, asilimia mia. Namba kumi na tisa alikuwa Shemeji. Majibu yalikuwa ya Mama Pacha, neno kwa neno. Injini akajumlisha, akaandika chini ya karatasi: amefeli.

Asilimia alifika nyumbani kabla ya saa yake. Shemeji alikuwa anawavisha pacha soksi.

"Shemeji," alisema Asilimia, "ulisikia?"

Tabasamu la Shemeji likaondoka polepole. "Sikutafuta kusikia. Nilikuwa nasoma. Sauti ilipita juu ya ukuta wako." Akaivuta soksi ya mtoto. "Mwanzoni niliziba masikio kwa mto. Halafu nikafikiri, hii ni mara ya tatu."

"Sasa kama uliiba, mbona uliiba uongo? Uzi wa suruali! Wewe hujafundishwa unene wa waya?"

"Nimefundishwa. Daftarini nilikuwa nimeandika vingine kabisa. Lakini kila dada akijibu, wewe unasema vizuri, asante. Nikajua mimi ndiye nimekosea daftarini, nikafuta. Shemeji, tangu niingie nyumba hii sijakusikia ukimwambia mtu vizuri kama hajapatia. Mimi mwenyewe hujawahi kuniambia."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na nguo begani. Alikuwa amesikia vya kutosha.

"Amefeli?" aliuliza.

"Amefeli."

"Kwa majibu yangu."

"Kwa majibu yako."

Akamtazama mdogo wake kwanza. "Na wewe, mjinga wa mwisho, ningejua unanisikiliza ningekosea vizuri zaidi." Kisha akamgeukia mumewe. "Mtihani ukifutwa, unahesabiwa katika zile mara tatu?"

Asilimia alijua swali linakokwenda. "Hauhesabiwi. Lakini ili ufutwe lazima niseme umevuja. Na niseme umevujia wapi."

"Umevujia kwenye ukuta uliosema utaumalizia."

"Mama Pacha, jina langu..."

"Jina lako lipi? Wanakuita Asilimia." Alisema bila kupaza sauti. "Aliiba, ndiyo. Mfungulieni kesi yake, akalipe. Lakini wewe ulimtegea chakula juu ya meza, ukamfungia chumbani asinuse harufu. Hafutwi peke yake. Kesho utasema wewe, au nitakuja kusema mimi, na mimi nitaanza na ile sababu ya pili ya fyuzi."

Usiku ule Asilimia alitafuta njia ya tatu. Angeweza kuisingizia mashine. Mashine haina mdomo wa kujitetea. Angeweza pia kukaa kimya: Shemeji angefutwa, na ofisi yake ingebaki safi, ofisi ambamo karatasi haikuwahi kutoka. Alizipiga hesabu zote mbili. Ya kwanza ilikuwa salama na ya pili ilikuwa salama zaidi, na kila alipoifikia ya pili, upande wa pili wa plaiwudi alimsikia mtu mzima akipenga kamasi kwa siri.

Kesho yake mkuu wa chuo, mama mfupi mwenye maneno machache, alikuwepo kikaoni kupokea matokeo. Asilimia alisimama.

"Mtihani umevuja," alisema. "Kwangu. Niliyajaribia maswali nyumbani. Shemeji yangu alisikia. Ndiye namba kumi na tisa."

Feni ilizunguka. Wa kwanza kusema alikuwa Injini.

"Subiri. Aliyasikia maswali yote?"

"Yote."

"Na bado akaanguka?" Injini alisahau hata kukohoa. Aliwageukia wenzake, uso unang'aa. "Mnasikia? Maswali yangu yamevuja na bado hayajibiki! Nani aliyeyaita ya chekechea?"

"Na yangu je?" Bi Kikokotoo aliinuka. "Amepata sifuri kwenye yangu. Sifuri, na alikuwa nayo kabla! Hebu yaandikwe upya, magumu, yote."

"Ya kwangu ndiyo yaliyomwangusha!"

"Ya kwako yalimsaidia! Rangi ya waya alipata!"

Wakaanza kugombania ni nani hasa aliyemwangusha yule kijana, kama watu wanaogawana nyama. Mtu aliyesimama mbele yao akiivua heshima yake vazi baada ya vazi, hakuna aliyemtazama. Mkuu wa chuo alisubiri wachoke.

"Mtihani umefutwa," alisema. "Wote watarudia baada ya wiki tatu. Namba kumi na tisa atarudia kama wengine, lakini cheti chake, akikipata, kitakaa kwangu mwaka mzima. Mkuu wa taaluma, kuanzia leo wewe ni mwalimu wa kawaida. Utawafundisha marudio, wote, kila siku, bila posho. Ninyi wengine, kaeni chini. Mnanitia aibu."

Tangazo lilibandikwa saa nne. Saa nne na robo ukumbi ulikuwa umejaa. Wapo waliofeli walioruka kwa furaha. Wapo waliofaulu waliolisoma tangazo mara mbili. Katikati yao alisimama mwanafunzi waliyemwita Bibi Koleo, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila koleo mkobani. Mama wa watoto watatu, aliyesoma asubuhi na kuuza dukani jioni. Alikuwa wa tano katika orodha iliyofutwa.

"Shikamoo, mwalimu," alimwambia Asilimia, kwa heshima iliyomchoma zaidi ya tusi. "Mimi nilikuwa nimefaulu."

"Marahaba. Najua."

"Sikusikiliza ukutani kwa mtu. Sasa mimi nimekosa nini?"

Mtu wa hesabu za mia alianza kuhesabu kichwani. Hakukuwa na sehemu ya mia inayotosha.

Marudio yalianza Jumatatu. Darasa lote lilikuja, maana kumchukia mwalimu hakumzuii mtu kutaka cheti. Bibi Koleo alikaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Shemeji alikaa nyuma kabisa, ambako wenzake walimwachia benchi zima peke yake, na kila alipopita walimuuliza kama suruali inashika.

Asilimia aliandika ubaoni suala la unene wa waya, akalieleza kama alivyolieleza miaka yote: haraka, kwa majina marefu, akiwapa mgongo.

"Sijaelewa," alisema Bibi Koleo.

Akarudia, haraka zaidi.

"Sijaelewa bado. Tena umenichanganya na nililokuwa nalijua."

Kutoka nyuma, sauti ya Shemeji, ndogo: "Na mimi."

Asilimia aliweka chaki chini. Alitoka, akarudi na vipande viwili vya waya, mwembamba na mnene, na jiko dogo la umeme kutoka karakana, akaliunganisha kwa waya mwembamba na kuliwasha. Akamwita Bibi Koleo mbele, akamwambia aguse ule mwembamba baada ya dakika mbili. Aliugusa, akauondoa mkono haraka.

"Unachemka!"

"Kwa nini?"

Alifikiri. Akajibu. Jibu lilikuwa sahihi, na Asilimia, baada ya kupigana na shingo yake ngumu, akasema: "Vizuri."

"Vizuri ile ya kweli," akauliza Bibi Koleo, "au ile ya sebuleni?"

Darasa likacheka kwa mara ya kwanza. Alilazimika kusubiri litulie.

Mtihani wa pili ulitungwa na Bi Kikokotoo, na namna alivyoutunga, Asilimia hakuambiwa. Shemeji alifaulu kwa alama mbili juu ya mstari, akahamia kwenye chumba cha kupanga, akasubiri cheti chake mwaka mzima akibeba ngazi za mafundi wengine. Bibi Koleo alifaulu pia, lakini kwa alama nne pungufu ya zile alizofutiwa. Akaajiriwa kwenye karakana iliyo barabara moja na chuo. Kila asubuhi wanapopishana hapo nje, yeye na koleo lake, mwalimu na mkoba wake, humwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mwalimu. Nne zangu hazijambo?"

Na Asilimia, ambaye hajapata jibu hadi leo, huitikia marahaba na kupita upande wa pili.